Nimepima Nyumba Nzima, Mume Wangu Hataki Kunyanyuka Kitini

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimekalia boksi la sufuria maana viti vyote nimeshavifunga isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichoniletea balaa, nisaidie upesi kwa sababu Jumamosi gari la mizigo linakuja na mimi si mtu wa kuahirisha. Mimi ni fundi cherehani, sikurithi hata sindano, nilianza na cherehani ya mkono kwenye kibaraza cha nyumba ya watu na leo nina mafundi watatu chini yangu, na nyumba tunayohamia ni yetu, ndogo lakini yetu, kwa hiyo nilijua mapema kwamba tukibeba vitu ovyo makabati yatalala ndani na sisi tutalala nje. Basi nikaenda na futi yangu ya shingoni nikapima kila chumba, kila mlango, kila dirisha, nikarudi nikapima vitu vyetu, nikaichora nyumba kwenye karatasi ya kukatia mitindo, nikakata na vipande vidogo, hiki kitanda, hii friji, hii meza, nikavisogeza na kuvisogeza mpaka kila kimoja kikapata pake, hata ile cherehani yangu ya kwanza, ambayo haishoni tena tangu gurudumu lilipovunjika, nimeitengea mahali pazuri chini ya dirisha la sebuleni. Kila mzigo una kitambaa chake, chekundu cha jikoni, cha buluu cha chumbani, cha kijani cha sebuleni, hata mtu asiyejua kusoma anaweza kutuhamisha bila kuuliza swali.

Sasa kuna kiti cha marehemu baba mkwe. Mshauri, kile si kiti, ni kibanda. Upana wake ni sentimita tisini na mbili, mlango wa nyumba mpya una themanini, na tisini na mbili haiingii kwenye themanini hata ukiisomea dua, nikasema basi, nikamwahidi jirani yetu kinyozi akitumie kwa wateja wanaosubiri zamu. Mume wangu sikumwambia kwa sababu nilikuwa na mambo mengi na kwa sababu hesabu ilikuwa wazi.

Mume wangu ni mwalimu, mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Jioni moja aliikuta ile ramani mezani, akaanza kuipita kwa kidole chumba hadi chumba, kisha akaniuliza, "Fundi, kiti cha baba kiko wapi humu?" Nikamwambia hakimo, hakipiti mlangoni. Akasema, "Aha." Akaenda akakikalia. Tangu hapo akitoka kazini anafikia kitini, anakula kitini, anasahihisha madaftari kitini, na sebule yote tumeifunga kwa kumzunguka kama wafagiaji wanavyozunguka nguzo. Kinyozi alikuja kuchukua kiti chake, akamkuta mwenyewe amekaa anatazama mbele, akaninong'oneza, "Shemeji, nitarudi mwalimu akiamka." Hakuwa amelala. Nikamuuliza, baba watoto, Jumamosi tunafanyaje, akanijibu kwa upole uleule, "Nyinyi tangulieni. Mimi nitakuja kiti kitakapokuja." Wifi yangu naye, badala ya kumsema kaka yake, ananiuliza mimi mbele za watu, "Na huyu je, umempima mabega? Isije ikawa naye hapiti." Wakacheka. Ninayehangaika mimi, ninayebeba mimi, na mbaya nimekuwa mimi. Niambie, nihame na watoto nimwache na ufalme wake, au nibomoe ukuta wa nyumba ambayo hata rangi haijakauka?

Fundi Niliyepima Kila Kitu

MSHAURI ANAJIBU

Dada fundi, pole kwa kazi. Kufunga nyumba huku mtu mzima amekaa katikati yake si mchezo, na huo mpango wako wa karatasi na vitambaa ningependa siku moja uje unifanyie na mimi. Hapo nimemaliza kukusifu.

Unasema kiti kina upana wa sentimita tisini na mbili. Kimo chake je? Na kutoka mgongoni hadi mbele? Hukuandika, kwa sababu hukupima. Hivi mteja akija kwako kutaka gauni, unampima kiuno peke yake ukamwambia arudi nyumbani, hashoneki? Unampima bega, kifua, nyonga, unamgeuza, unampima tena. Kiti ulikipima mara moja, likatoka jibu ulilokuwa unalitaka, ukaikunja futi. Na usiniambie hesabu ilikuwa wazi. Ingekuwa wazi ungemwambia mwenzako, usingemwacha aitafute kwa kidole.

Kiti hakilazimiki kuingia kimesimama kama mgeni rasmi. Kinalazwa ubavu, kinafunguliwa miguu, na mlango wenyewe unatolewa kwenye bawaba.

Sasa nikuulize na mimi. Hiyo cherehani ya chini ya dirisha, isiyoshona, inasafiri kwa kazi gani? Unalijua jibu, nami nalijua, na ni jibu zuri. Wewe ulianzia pale. Basi na mumeo ana mahali alipoanzia, ila pake pana miguu minne na mgongo. Bahati yako ni kwamba mkasi wa kukatia vile vipande ulikuwa mkononi mwako.

Kwa hiyo leo, kabla hujafungua duka, nenda kwa kinyozi ukamtake radhi, mpe benchi badala ya kiti. Kisha rudi umwambie mumeo, "Naomba unyanyuke kidogo, nikipime vizuri." Wewe shika futi upande huu, yeye ashike ule. Kikipita, kiti na cherehani vibanane hapo dirishani, vitazoeana. Kisipopita hata kwa ubavu, atakuwa amejionea mwenyewe, na mtu huagana vizuri zaidi na kitu alichokipima kwa mkono wake. Ukuta usiuguse. Kipande cha karatasi cha kiti akikate yeye, na kitambaa cha kijani akifunge yeye.

Na wifi yako akikuuliza tena mbele za watu, mjibu bila kukasirika kwamba mabega umeyapima, ulichelewa kidogo tu, na amepita.