Mitiki ya Lugongo

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Soda tumekunywa. Hilo niliandike kwanza, maana ndilo la uhakika katika kikao chote cha leo. Bwana Thobias, afisa wa mradi wa viwanja, kasema "kushirikishwa" mpaka masikio yakaniwasha. Wananchi watashirikishwa. Akina mama watashirikishwa zaidi. Akina mama wenyewe ndio mimi — nimo kwenye kamati ya Lugongo tangu Pasaka, kwa kuwa najua kusoma na siogopi kusema.

Habari ni hii. Bonde lote la Lugongo, toka mtoni mpaka chini ya mlima, linapimwa viwanja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Hapa mgeni anakuja, mwenyeji ahame. Ila mwenye shamba atapewa viwanja viwili humo humo shambani kwake, kabla ya waombaji wa mjini. Nikauliza: mwenye shamba mtamjuaje? Thobias akajibu: kwa nyumba, au kwa mti wa kudumu aliopanda. Mahindi na mchicha havihesabiki, leo vipo, kesho vimeliwa.

Watu wakaguna. Mimi nikanyoosha mkono kuunga. Tena wa kwanza! Maana nyumba hatuna pale, kwetu ni huko juu mlimani, lakini shamba letu lina mitiki. Safu nzima ukingoni, imenyooka vizuri. Mjomba Fransisko, kaka yake marehemu mama, ndiye aliyeleta miche. Alisema ni ya ukoo, siku moja itakuwa mbao za kenchi za nyumba za wapwa zake. Na maji ya kumwagilia niliyapandisha mimi kutoka mtoni, nikitoka zamu kiwandani, enzi hizo bado kuna kiwanda.

Nimerudi chumbani kwangu Mwembesongo naimba. Sijaimba hivyo tangu tupunguzwe kazi. Kiwanja kimoja nijenge na mama mdogo Paskalia, kingine dada zangu. Basi tena kupanga kwa watu, kuulizwa umetumia maji kiasi gani.

Alhamisi, 7 Agosti

Lugongo imeota miti. Shamba lililokuwa na maharage juzi leo lina minazi — minazi, huku! Majani yameshaanza kunyauka. Jirani yetu wa chini kahamisha mwembe mzima na udongo wake kwa mkokoteni. Nikamwambia huo mwembe una homa. Akacheka, mimi pia nikacheka. Nikapalilia matuta yangu ya kabeji kwa raha zangu, mitiki ikinitilia kivuli.

Jumapili, 10 Agosti

Sina hamu ya kuandika ila nisipoandika nitampiga mtu.

Baada ya misa ya kwanza Geofrey kanifuata nje ya kanisa. Geofrey ni mtoto wa mjomba Fransisko. Kanipa shikamoo, kaangalia viatu vyake, kaangalia vyangu. Mwishowe kasema: dada Felista, nisikufiche. Baba kanipeleka kwa Thobias Ijumaa. Kamwambia mitiki ni yangu, nilipanda mimi.

Nikamuuliza mwaka themanini na nne, miche ilipopandwa, ulikuwa na umri gani? Akasema miaka tisa, dada. Nikamuuliza, ulipanda na nani? Akasema nilikuwa nashika miche baba akipanda. Basi! Kushika mche ndiyo kupanda. Na mimi niliyebeba ndoo kichwani masika na kiangazi, mimi nani? Mpita njia?

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi inakwenda na ukoo. Geofrey hana kosa kuzaliwa, lakini ukoo wake ni wa mama yake, na ardhi yao iko Matombo, migomba mpaka macho yanachoka. Mjomba ni msimamizi tu wa ardhi ya dada zake. Anajua hivyo kuliko mtu yeyote! Ndiye aliyetukataza miaka yote hii kupanda hata mchungwa. Akisema mti humtenga mtu na wenzake, leo ukipanda wako, kesho utasema na chini yake ni kwako. Tukamtii. Tukapanda kabeji, tukang'oa kabeji. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Na sheria ya miti niliiunga mkono mimi. Mkono huu huu. Nimelala nao chini ya mto nisiuone.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepanda mlimani kwa mjomba. Nikasalimia kwa adabu, adabu yenyewe ikaishia hapo hapo.

Hakukana. Afadhali angekana. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya. Akasema: Felista, mwanangu kalima na mimi tangu anaanza kutembea. Nikifa leo, kesho mtamwambia kusanya vyako, nenda kwenu Matombo. Mtasema au hamtasema?

Nikaangalia maganda ya muhogo. Tungesema. Mama mdogo Paskalia angesema kabla ya arobaini.

Ndiyo maana nimezidi kukasirika. Mtu akikuibia halafu awe na neno la kweli ndani yake, unashika wapi? Nikamwambia angetuita ukoo mzima, tukae, tumkatie Geofrey kipande kwa heshima. Akasema ningewaita mngekataa. Nikasema hukutuita, kwa hiyo hujui. Mkewe akaleta chai. Sikunywa. Nimejuta njiani, maana kiu ilinishika vibaya.

Jumatano, 13 Agosti

Ofisi ya mradi. Nimekaa kwenye benchi mpaka kiti cha Thobias kikachoka kuwa tupu. Alipokuja nikamweleza yote, mama, mjomba, ukoo, ndoo. Kijana wa watu, mpole, suruali imepigwa pasi. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Akasema: mama, ukoo siwezi kuuandika. Ukoo hauna sahihi. Mzee mwenyewe kasema miti ni ya kijana. Mambo ya undugu mkayamalize nyumbani.

Nikamwambia tulishirikishwa, si ndivyo? Akasema sana, tena wewe ndiye uliyeunga mkono wa kwanza, nakumbuka.

Nilitoka bila kuaga. Nimekaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho ni uhakiki. Thobias atapita shamba kwa shamba na kamati. Kila mti utasimama na mwenyewe, basi imekwisha.

Jioni nilikuwa na mama mdogo Paskalia, tunachambua mchicha wa sokoni. Yeye halii wala hapandishi sauti, ndiyo namna yake ya kukasirika. Nikamwambia kesho naichoma mitiki yote, akose yeye, nikose mimi. Akasema ukichoma wataandika pori, wagawiwe watu wa mjini, utakuwa umewasaidia kufyeka.

Halafu akasema, huku anachambua: mti wa mtu haukatwi mbele ya mwenyewe akanyamaza. Akinyamaza, si wake.

Nikamwangalia. Akafunga mafungu yake akaenda kusali rozari.

Nimeazima shoka kwa mwenye nyumba. Kaniuliza kuni za nini, kuna sherehe? Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia shambani. Daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba pamoja na karatasi za kamati. Meza yangu ni tuta, mwandiko huu nisilaumiwe.

Walifika mapema. Thobias, mwenyekiti wa kamati, watu wa kamba ya kupimia, na majirani waliokuja kuona miembe ya wenzao ikifukuzwa. Wakafika kwetu. Mjomba kavaa koti lake la kanisani. Geofrey nyuma yake. Mama mdogo Paskalia kakaa kwenye tuta na kanga kichwani.

Thobias akauliza, mitiki hii ni ya nani? Mjomba akasema ya mwanangu Geofrey. Kalamu ikafunguliwa, jina likaandikwa.

Nikachukua shoka nikaenda kwenye mti wa kwanza, ule mnene. Nikapiga. Mtiki ni mgumu jamani, shoka liliruka likataka kunirudia. Nikapiga tena. Nilipiga kwa ajili ya kiwanda, na kwa ajili ya soda ile, na kwa ajili ya kila mchungwa ambao hatukupanda. Jasho likaniingia machoni. Nilisikia watu wanasema mshikeni, hakuna aliyenishika.

Thobias akaja, suruali yake ikajaa vipande vya mti. Akasema mama, huo ni uharibifu wa mali ya mtu. Nikaendelea kupiga. Akamgeukia mjomba: mzee, huyu anakata mti wa mwanao mbele ya kamati. Sema ni mhalifu, nimwite mgambo sasa hivi. Anakata mti wenu?

Nikasimama na shoka mkononi. Nilitaka nimwone mjomba usoni akisema mwizi. Alitamke.

Mjomba alifungua kifungo cha koti, akakifunga. Geofrey alimwita polepole, baba, kama anamwomba. Kisha mjomba akasema, tena kwa sauti, wote tukasikia:

"Huyo ni mtoto wa dada yangu."

Mama mdogo Paskalia akaondoa kanga kichwani. Majirani wa kutoka mlimani wakatazamana, hata waliokuwa wanacheka. Hakuna Mluguru asiyejua mjomba alichosema hapo. Alinikabidhi shamba.

Thobias akasema mzee, sikukuuliza undugu. Nimekuuliza, ni mti wenu au si wenu? Ndiyo au hapana?

Mjomba hajajibu. Anamwangalia Thobias kama aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. Nimekaa chini, shoka mapajani, mti umekatika nusu na unalia kidogo upepo ukipita. Kalamu ya Thobias bado iko wazi, na jina aliloandika mpaka sasa ni la Geofrey.