Malkia Begani

Mama yetu,

Durban ni jasho tupu, lakini tunakula vizuri. Jana Dada Furaha alinipeleka makumbusho. Ndani ya kioo iko beji ya kale: sura za malkia mmoja wa Kizungu na mumewe zimechongwa kwenye kombe la baharini, almasi zimezunguka, utepe mweupe juu. Wanawake wa jumba la kifalme waliivaa kwenye bega la kushoto.

Kwetu picha ya kuvaa mwilini ni ya marehemu, siku ya kuzika, kwa hiyo Furaha akainamisha kichwa akaanza kuwaombea. Mlinzi akamwambia, “Eish, dada, waliivaa malkia akiwa hai. Ilikuwa heshima.”

Leo Furaha ametengenezesha beji yenye sura yako, aivae kanisani Jumapili. Picha atakutumia. Majirani wakiiona wakadhani umekufa, wakaja kulia, wapikie chai, uwaambie watoto wako wamekuvaa ukiwa mzima.

Mwanao,
Neema