Ukuta wa Kona ya Tatu

Jumamosi, foleni ya malori, Nakonde

Mjinga ni mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Siku ya nne hii nasubiri kuvuka mpaka. Mabati ya Tunduma nayaona kabisa, ng'ambo tu hapo. Nikafungua lile gemu la mbio za magari ambalo binti yangu Neema aliniwekea kwenye simu. Alinifundisha ujanja: kwenye kona ya tatu, ukirudi kinyumenyume ukaubamiza ukuta, gari linapenya na kutokea mbele ya wote.

Leo nikaukomalia huo ukuta. Baada ya kujaribu weee, gari likapenya! Likatokea chini ya barabara, kwenye weupe mtupu, likawa linadondoka tu, halifiki chini. Nilibonyeza kila kitu.

Kuinua macho, foleni imesogea. Hapa ukichelewa kuwasha injini, wa nyuma wanakupita, na nafasi hairudi. Malori kumi na moja yamenipita. Dereva wa mwisho, Mzambia, akanichungulia: "Mudala, mzee wangu, tulidhani umelala."

Nikawasha injini, nikaingia nyuma yake.

Kesho Neema anapata kipaimara kule nyumbani Igamba, ng'ambo ya mpaka. Nilimwahidi nitakuwepo. Bila yale malori kumi na moja, labda...

Jioni akapiga. "Baba, ule ukuta umeupenya?"

"Nimeupenya, mama."

Akacheka, nikamsikia akimtangazia mama yake. Kisha akasema, "Kesho kanisani nitatandika kanga kwenye kiti chako, mtu asikikalie."

Nikamwambia sawa, atandike.