Alichosema Daktari Kuhusu Kula

Nyumba ya Wageni, Chumba Namba 9,
Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Hospitali Kuu.

Jumatatu, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilimdanganya mama mbele ya daktari, na duniani hakuna ajuaye ila mimi, na sasa wewe.

Nisamehe. Najua salamu hutangulia, lakini niliogopa nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, kama nilivyofanya kwenye barua mbili nilizozichana. Basi sasa nasalimia. Hujambo, Mjomba? Ule mguu uliomwagikiwa mafuta ya moto jikoni kwenu umekauka? Mkaza mjomba ameizoea baridi, au bado analala na soksi? Mimi mwili hauna neno. Mama nitakueleza.

Barua nilizozichana nilikuwa nimeziandika kwa lugha ya shule, ili mama akizikuta asizielewe. Hii naiandika kwa lugha yetu, na kila akipita karibu naisukuma chini ya godoro. Ungesema nikupigie simu. Simu tunayo moja, ni yake, haibanduki mkononi mwake. Na hata ningekuwa nayo, mdomo wangu unaujua.

Kwanza asante kwa ule ujumbe wa namna ya kutafuta mahali pazuri pa kula katika mji mkubwa. Mama alinisomea mara tatu kwa fahari, kama vile umeandikwa gazetini. Ulisema tusitazame bango wala vitambaa vya meza, tutazame saa saba mchana mafundi na wapakiaji wanaelekea wapi. Ulisema tuchungulie kama mpishi naye anakula alichopika. Na kwamba penye orodha ndefu ya vyakula hapana chakula.

Hilo la mwisho tulilithibitisha siku ya kwanza. Tuliingia ukumbi mmoja wenye feni na viti vya kuzunguka. Orodha kurasa sita, na kila tulichoagiza kimekwisha. Mama akamwambia mhudumu, "Basi tuletee hiyo orodha yenyewe, naona ndiyo iliyobaki." Watu wakageuka. Nilijiinamia nikawa nasoma miguu ya meza.

Mimi ni yule yule. Kumwita mhudumu siwezi, nainua mkono nusu halafu najikuna kichwa. Mama hunicheka: "Wewe Kimya, hata nyumba ikiungua utaandika barua."

Sasa daktari. Ilikuwa Alhamisi ya tarehe 3. Ni mgeni, lugha yetu haijui, na muuguzi anayemtafsiria siku zote alikuwa ameitwa wodi nyingine. Daktari akaniuliza kama naweza kumfikishia mama maneno yake. Nikatikisa kichwa kukubali, nikaona fahari kidogo, Mjomba, hilo nalo nalikiri. Miaka yote ya kusomeshwa lugha ile, leo imepata kazi.

Alisema taratibu, akiniangalia mimi. Alisema dawa zimeshindwa, na kuendelea nazo ni kumtesa bure. Alisema nimrudishe nyumbani, akae na watu wake, muda si mrefu. Na alisema kuhusu chakula asilazimishwe, apewe anachokitamani, kikiwa kijiko kimoja basi kijiko kimoja.

Mama alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Akasema, "Kasemaje?"

Nikamwambia, "Amesema ule."

"Nile tu?"

"Ule vizuri upate nguvu. Halafu turudi baada ya wiki mbili, Alhamisi, waanze dawa nyingine."

Alijipiga mapaja kwa furaha, akasimama akampa daktari mkono. "Kama ni kula tu, mwambie amepata mtu!" Daktari akatabasamu kwa huzuni, maana alidhani mama ameyapokea. Aliushika mkono wake muda mrefu. Mama alipotoka nje akasema daktari yule ana adabu.

Hiyo Alhamisi niliitunga mimi. Ni mtondo, siku tatu kutoka leo, na hakuna anayetusubiri.

Nilidhani nimempa siku chache za furaha. Kumbe nimempa kazi. Mama sasa anakula kama mtu anayepandisha mlima na mzigo kichwani. Anasema kila kitu kina ladha ya msumari, halafu anameza. Asubuhi mayai mawili na mkate, kwa sababu daktari kaagiza. Mchana mimi mbele yeye nyuma, tunatafuta penye chakula kizuri ili kiweze kupita kooni. Anapumzika kwenye kila kizingiti cha duka, anasingizia kutazama viatu. Tumefika nyuma ya soko, tumefika karakana ya treni, tumefika mpaka kantini ya wapiga chapa, ambako supu ya kuku ilikuwa safi kweli, ungeipenda. Aliimaliza. Aliirudisha yote kwenye mtaro kabla hatujafika kona.

Akasukutua mdomo, akaniambia, "Twende kwingine. Alhamisi nataka daktari asinitambue kwa unene." Amelikunja gauni lake la kahawia chini ya mto linyooke, la kuvaa siku hiyo.

Mahali pazuri kuliko pote tulipapata kwa kanuni yako, Mjomba. Ni nyuma ya gereji, bati tupu, mabenchi matatu na sufuria mbili. Mpishi mafundi wote wanamwita Shangazi, hata wenye mvi, na yeye hukaa benchi moja nao na kula chungu kimoja. Tulipoingia fundi mmoja alikuwa anamchokoza: "Shangazi, huyu samaki alikufa kwa uzee?" Naye bila kugeuka: "Alikufa kwa kukungoja. Saa hizi ndiyo saa za kula?" Mama alicheka, akajiona yupo kwao.

Juzi tulikuwa huko. Mama alimaliza wali na maharage, akaenda nyuma ya ukuta. Nilimsikia, na kila mtu alisikia, mafundi wakakazana kugonganisha vijiko ili isisikike. Alirudi akipangusa mdomo kwa ncha ya mtandio, akasogeza sahani. "Niongeze kidogo, Shangazi."

Shangazi aliichukua sahani na hakuirudisha. Akaniita kwenye beseni la vyombo. "Mtoto, mimi nimelisha watu miaka ishirini. Mwenye njaa namjua, na anayelazimishwa namjua. Mama yako nani anamlazimisha?"

Nikasema daktari.

"Daktari gani huyo asiye na macho?"

Nikabaki nasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa.

Aliniacha akaenda kukaa karibu na mama. Akamwuliza, "Dada, achana na sahani. Roho yako yenyewe inataka nini?"

Mama aliwaza. Halafu akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika. "Roho yangu inataka uji ulioungua," akasema. Akawahadithia gereji nzima. Kwamba alikuwa na homa kali, na wewe ulikuwa na miaka minane, bibi yuko kazini. Ukampikia uji, ukaungua mpaka ukawa mweusi, ukasimama kando ya kitanda na kijiko, midomo inakucheza. Akaula wote, akakusifu kwamba hajapata kuonja uji kama ule. "Tangu siku hiyo akajiita mpishi," mama akasema. "Leo yuko nje huko anapikia wakubwa. Yote kwa sababu ya uongo wangu."

Mafundi walicheka. Mimi nilitoka nikasimama kati ya matairi.

Naomba jambo moja, Mjomba. Usingoje likizo. Waambie hao mabwana zako vyovyote utakavyowaambia. Usije huku, njoo nyumbani kwa bibi, maana nitamrudisha huko wiki hii. Usije na vitu. Njoo umpikie huo uji, uuunguze vile vile, na asipotaka kuumaliza, mwache.

Ukiona nimekosea niambie utakapofika. Nilikuwa nataka kumpunguzia, nikamwongezea.

Msalimie sana mkaza mjomba, na mdogo wetu anayeogopa paka, mwambie paka wa hapa ni wapole. Bibi anawasalimu, alipiga simu jana, akamwuliza mama kama anakula. Mama akamjibu, "Kula? Nimekuwa shimo." Mungu akufungulie njia, akutie wepesi kwa walio juu yako kazini, akufikishe tukiwa bado wote.

Mama alishuka chini kupiga soga na mwenye nyumba, na sasa namsikia anapanda. Nazijua ndala zake. Ngazi tatu, anasimama. Ngazi tatu, anasimama. Anamwambia mtu aliyepishana naye kwamba anajinyoosha miguu tu.

Godoro liko hapa, ningelinyanyua tu. Karatasi hii naiacha mezani, maandishi juu, na kiti chake nimekivuta karibu na dirisha penye mwanga. Najua mdomo wangu hautafunguka. Lakini kusoma anajua, na hii ni lugha yake.

Amefika kwenye mkeka wa mlangoni. Anavua ndala.

Akishaisoma nitaipeleka posta.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja,
Kimya