Pilipili Mbuzi ya Bi Saumu

Bi Saumu wangu,

Tulikuzika siku ileile, kama dini yenu inavyotaka. Sisi Wajaluo tumezoea kukaa na marehemu wetu siku nyingi. Nilirudi kwenye hoteli yako hapa Rodi Kopany, nikashika mwiko, hata kulia sikulia.

Mwanao Salimu alifika kutoka Mombasa kesho yake, kaburi tayari. Alishinda pale mpaka alasiri, kisha akaja kuniambia hoteli itafungwa, kwa sababu mpishi alikuwa wewe. Sikubishana. Nilimwambia tu, "Kula kwanza, kaka."

Nikainamia kapu la pilipili. Zile ndefu za kijani zinawasha ulimi tu, basi. Pilipili kichaa kutoka Ntimaru zingemchoma mtu mwenye tumbo tupu. Nikachukua pilipili mbuzi, nikainusa penye kikonyo. Haikunukia kitu. Nikarudisha, nikanusa nyingine, na nyingine, mpaka moja ikanijaa puani. Ulikuwa ukisema, "Ukali hata nyuki anao, nyara. Tafuta harufu." Nyara, binti yangu: neno letu hilo ulilitamka kipwani, tukacheka.

Nikaitia nzima kwenye mchuzi wa samaki wetu, ngege, moto mdogo. Nikailinda kama yai, maana ikipasuka sufuria yote imeharibika. Ikaelea, ikalainika, ikang'aa. Nikaiopoa salama.

Salimu akamega ugali, akachovya. Akatafuna. Kisha akauliza polepole, "Mama yuko jikoni?"

Bi Saumu, nywele zilinisimama! Alikuwa ametoka kuzuru kaburi lako, udongo bado uko kwenye viatu. Lakini aliinuka, akaingia jikoni, akachungulia nyuma ya mlango, akatazama hadi kule kwenye kuni. Hapakuwa na mtu. Akakaa juu ya gunia la makaa, akalia. Hapo ndipo na mimi machozi yakanitoka.

Ameondoka leo asubuhi. Kuhusu kufunga hakusema tena, ila mlangoni aligeuka: "Dada, nikija Idi, unipikie ile."

Mkono huu nautazama, Bi Saumu, na ninauogopa kidogo. Umemwita mtu aliye chini ya udongo, na mwanawe akaitika.

Oriti, kwaheri mama. Lala kwa amani. Nakuahidi: siku nitakayokosa pilipili yenye harufu, nitapika bila pilipili. Sitamdanganya mtu kwa ukali mtupu.

Nyari, binti yako,
Akinyi