Meno Waliyokupa Bunda

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na unanijua, nikikasirika siwezi kula wala kukaa kimya. Tangu tukuzike Butiama watu wananiambia nilie nitapata nafuu. Nimelia. Sasa imebaki hasira, na hasira yenyewe sina wa kumwambia isipokuwa wewe, maana wengine wote wa ukoo wetu ni washtakiwa.

Nianze na kaka Wambura, mwanao mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyeanza. Ulipokata roho tu akajiteua mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akachukua picha yako, ile ya harusi ya binti yangu, akaondoka nayo kwenda Bunda. Unaikumbuka. Umekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya Butiama, unamenya ndizi, kanga imeteleza begani, na unacheka mpaka macho yamefumba. Rafiki yako Nyangeta alikuwa amesimama pembeni ya mpiga picha, kasema jambo ambalo hadi leo hamkutuambia. Meno yako ya mbele yanaonekana yote, ncha kwa ncha, kama yalivyochongwa ulipokuwa msichana.

Huko Bunda kuna bwana ana kibanda cha fotokopi. Zamani kazi yake ilikuwa kugandishia vyeti vya watu plastiki, na hata hivyo vilikuwa vinatoka na mapovu. Siku hizi ameandika mlangoni kwamba ni mtaalamu wa akili mnemba. Utaalamu wenyewe ni kubonyeza simu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu alikuwa na kipara akaenda kuazima. Akaiambia mashine ikutengeneze uwe smati kwa ajili ya msiba, nayo ikatii upesi kuliko mtoto yeyote uliyemzaa. Ndizi zikaondoka. Kigoda kikaondoka. Ukavalishwa suti ya bluu na mkufu wa lulu, ukawekwa mbele ya mawingu, na njiwa wawili wakakurukia kichwani. Makunyanzi yote wakayapiga pasi. Mdomoni wakakupangia meno meupe yaliyonyooka, ya mwanamke wa kwenye tangazo la dawa ya meno.

Kaka akaituma kwenye grupu la ukoo. Wakaandika, "Mama amependeza." Wakaandika, "Mama kama waziri." Na mimi, Mama, nilikuwa napima mchele wa wageni, nikaitazama kama sekunde mbili hivi, nikaweka ua. Usinisamehe haraka.

Hawakuishia hapo. Siku ya kukuaga, pale nyumbani Kamunyonge, Musoma mjini, wakatundika televisheni chini ya turubai. Yule mwanamke wa suti akapepesa macho, akapunga mkono, akasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Asanteni nyote kwa kuja, nawapenda sana." Watu wakapiga makofi. Msibani! Shemeji mmoja akaomba irudiwe. Nilitaka kuzama ardhini. Wewe hujawahi kuniambia unanipenda hata siku moja. Ulikuwa ukinitazama mikono ukisema, "Wewe unakulaga saa ngapi, mbona umekwisha hivyo?" na mimi nilikuwa naelewa.

Haya yote ningeyameza. Upuuzi wa ndugu si jambo geni kwetu. Lakini kuna la Nyangeta, na hilo limenikaa kooni.

Mama Nyangeta alitoka Kiriba asubuhi ile ile. Mjukuu wake alimshusha kwa bodaboda kwenye kona yetu, akarudi. Getini tulikuwa tumetundika bango kubwa kama mlango, na kwenye bango ni yule mama wa suti. Nyangeta hajui kusoma, na kwetu mjini hakuwahi kufika. Akasimama, akatazama, akatazama tena. Mwenye macho haambiwi tazama, naye alitazama vizuri akaona kwamba yule si wewe. Akadhani mjukuu kamkosesha njia. Mtaa wa pili kulikuwa na msiba mwingine, wa bibi mwingine, na vilio vilikuwa vinasikika. Akavifuata. Akaketi mkekani na wanawake wasiomjua, akakulilia huko, kwa jina lako, na wenyeji kwa heshima wakanyamaza wakidhani ni jina la utotoni la marehemu wao.

Ilipofika zamu yake ya kuaga akakuta kwenye jeneza mama wa watu.

Walipomrudisha kwetu, magari yalikuwa yameshaondoka na wewe kwenda Butiama. Akakuta wapishi wanaosha masufuria. Wakampa chai.

Alikuja kunipa pole siku ya tatu. Nilimuuliza, nikiwa na ukali kidogo, Mungu anisamehe, kwa nini hakuuliza mtu pale getini. Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi nilikuwaga namjua mama yako kwa meno. Nimefika kwenu nimeona mama wa benki. Nikasema hapa siyo." Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Kwamba mlichongwa meno siku moja, mkono wa yule yule bibi, mmeshikana vidole ili asilie hata mmoja. Na kwamba mliahidiana, atakayebaki atamtazama mwenzake usoni kabla hajafunikwa. Alisema hivyo huku anatazama miguu yake. Nilitamani anitukane.

Nikapanda gari kwenda Bunda. Nikamwambia yule mtaalamu, mrudishie mama yangu meno yake. Kwanza alinicheka. Akasema mteja wa kwanza kuomba mtu wake aharibiwe ni mimi. Halafu akabonyeza, akasubiri, akanigeuzia simu kwa majivuno. Mama, walikuwa wamekuwekea meno ya mamba! Marefu, yametoka nje ya midomo, na suti ile ile, na njiwa wale wale. Nikasema siyo. Akabonyeza tena, ukawa na pengo. Akabonyeza tena, ukawa na dhahabu. Mara ya tano akaniambia mashine haielewi ninachotaka, kama vile kosa ni langu. Inawezaje kuelewa? Haijawahi kuona mama wa kwetu anacheka. Hata sisi wengine hatukuona mara nyingi. Nikachukua picha yako halisi, aliyokuwa ameitumia kufunikia glasi yake ya maji, imekunjika pembeni, nikatoka bila kuaga.

Sasa kaka anajengea kaburi, na anataka kwenye marumaru iwekwe picha ya suti. Nilipokataa alinipigia simu, akaongea kama anahutubia mkutano. Akasema wajukuu zake wanasoma shule nzuri. Akasema, "Unataka kila anayepita aone mama yetu ana meno ya kishamba?" Nilimtukana, Mama. Nilimwita mtu asiye na mama. Nikakata simu nikijiona mimi ndiye mtoto pekee uliyekuwa naye.

Kisha nikakaa, na likanijia lile.

Nilikuwa darasa la tatu, tumehamia Musoma hata mwaka haujaisha. Ulikuja shuleni kuniletea sweta, maana mvua ilikuwa imeanza. Ulimchekea mwalimu wetu kwa furaha, ukimsalimu, na wasichana wa dawati langu wakaanza kukucheka pembeni. Nilikuvuta kanga mpaka nje ya uzio, nikakwambia, "Mama, ukija huku ufungage mdomo." Hukunigombeza. Ulisema, "Haya." Tangu siku hiyo, ukiwa mjini, ukicheka ulikuwa unapandisha ncha ya kanga mdomoni. Miaka yote hiyo. Watu walidhani ni adabu, na mimi nikawaacha wadhani hivyo. Kumbe kwa Nyangeta tu ndiko ulikuwa unaishusha.

Namdharau kaka, namdharau yule wa Bunda na mashine yake isiyo na mama, namdharau na shemeji aliyeomba irudiwe. Lakini mashine ilifanya kwa dakika moja kazi niliyoianza mimi kwa maneno matano. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine.

Jumamosi tunakwenda Butiama. Picha ya ndizi iko kwa fundi wa marumaru, ilivyo, pamoja na mkunjo wake. Kaka amesema ikiwekwa hiyo hatakanyaga. Asikanyage. Mama Nyangeta nitamfuata mwenyewe Kiriba, nimwingize garini kwa mkono wangu, na fundi nimempa sharti moja tu, kwamba asiigandishe mpaka Nyangeta asimame mbele yake, aitazame kadiri apendavyo, na aseme kwa kinywa chake kwamba ni wewe. Asiposema, jiwe litabaki tupu.

Pumzika, Mama. Mimi ndiye niliyekufunika mdomo, na mimi ndiye nitakayekufunua.

Mwanao,
Wegesa