Neno Ulilosokotea Katani

Mwaitu, mama yangu,

Huku Kathonzweni mvua imenyesha vizuri, ndengu zimetoa maua, na bado naudhika kwamba hukungoja uone.

Kile kiondo cha harusi ulichomwahidi mjukuu wako Mwende ulikiacha nusu. Shangazi akasema lazima kimalizwe na mtoto wako mwenyewe. Sasa huyo mtoto ni mimi, na unajua nilivyo na haraka! Nilivuta nyuzi mpaka zikakatika. Nikafumua. Nikavuta tena. Nikalia, mama, nisikudanganye.

Mwende akanicheka: “Mami, umesahau mantra ya susu.” Mantra? Mimi nilidhani ni jina la sabuni. Kumbe anasema yale maneno yako wewe nyanya yake, “Tutafika tu,” uliyokuwa ukinong'ona kila ukisokota katani pajani. Nami miaka yote nikifikiri unaibembeleza katani!

Unanijua, swali haliniachi. Mwende akanieleza kwamba neno limetoka India, kwa Kisanskriti, lugha yao ya kale ya dini: sehemu moja ni kufikiri, nyingine ni kifaa. Kifaa cha kufikiria! Kama vile jembe ni la kulima. Wao huyarudia maneno yao matakatifu mpaka akili itulie. Nilipoenda Emali kununua rangi, nikamuuliza Mzee Abdi wa duka, yule wa tasbihi. Akasema, “Yetu ni dhikri, Mama Mwende, kumkumbuka Mungu. Usichanganye.” Halafu akatabasamu: “Lakini ulimi kufundisha moyo, hiyo naijua.”

Sasa niambie, wewe ulifundishwa na nani? Na tutafika wapi? Ulianza kusema hivyo baba alipotuacha, ama hata kabla? Sikukuuliza ukiwa hapa, na sasa maswali yananiwasha kweli.

Nimejaribu kuyanong'ona maneno yako. Mara ya kwanza niliona haya, nikaangalia mlangoni kama kuna mtu. Lakini aki ya Mungu, mkono ulipoa, nyuzi zikaacha kukatika.

Kiondo kiliisha jana. Pale ulipoachia wewe nikashika mimi panaonekana kabisa, maana mkono wangu unakaza. Nikataka kufumua nipasawazishe. Mwende akakinyakua, akakikumbatia, akasema hapo hapaguswi.

Pumzika, mwaitu. Nakuahidi Mwende hataondoka hapa kabla sijamfundisha kusokota. Maneno ya kunong'ona atajitafutia mwenyewe.

Mutheu wako